Albamu Moja, Mwenge Mmoja: Gemu za Kale na Metali ya Kale Hapa Tanga

Mie sifichi. Kila anayenijua Ngamiani anajua nina mapenzi na vitu viwili ambavyo watu wengi mjini hapa wanaona ni vya mtu asiyekuwa na kazi ya kufanya: hevi metali ya zamani, ile ya miaka ya 70 na 80, na gemu za mezani za kuigiza wahusika, zile mnakaa watu wanne watano na daftari na penseli halafu mmoja anawasimulia "mmefika kwenye mlango wa jiwe, ndani mnasikia watu wanazozana, mnafanyaje?" na nyinyi mnamjibu. Taarab naipenda pia jamani, nisije nikahamishwa mji. Ila ukiniuliza usiku wa mapumziko nautaka uweje, nataka meza, watu wangu, na Black Sabbath inaunguruma pembeni.

Vijana wananiuliza sana kwa nini nang'ang'ania vya kale wakati gemu mpya zipo tena zina picha nzuri na sheria zilizonyooka, na muziki mpya umejaa kwenye simu mpaka unamwagika. Huwa nawajibu kwa mkato tu, leo ngoja nijibu kwa kirefu.

Metali ndo ilitangulia, na aliyeileta ni mjomba. Mjomba alikuwa baharia wa meli za mizigo na akirudi likizo begi lake lina sabuni za kunukia, vitenge vya dada zake, na kanda. Kanda zenyewe alikuwa ananunua bandarini kwa mafungu, jina hasomi, anaangalia picha ya kasha tu, kwa hiyo kwetu Boney M alikaa bega kwa bega na Slayer na hakuna aliyeona ajabu. Ile ya Slayer, Reign in Blood ya 1986, mjomba alitaka kuitupa akisema kauziwa mbovu maana upande A na upande B nyimbo ni zilezile. Kumbe nzima kabisa, albamu yenyewe ni fupi, dakika 29 hivi basi, kwa hiyo kwenye kanda wakaiweka yote upande huu na yote tena upande wa pili. Nikaiokoa mie. Mama alinisikia naipiga akachungulia mlangoni akauliza, "Mwanangu, huyo mtu anagombana na nani?"

Lakini iliyonishika hasa ni Black Sabbath, albamu yao ya kwanza, ilitoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Inaanza na mvua, kengele ya kanisa kwa mbali, radi, halafu gitaa linaingia na noti tatu tu, nzito, za polepole, na wewe umekaa hapo hujui kama uogope au ucheke. Jamaa hawa ni watoto wa Birmingham, mji wa viwanda Uingereza, na karibu albamu nzima waliirekodi kwa siku moja wakaenda zao. Mpiga gitaa wao Tony Iommi alipokuwa na miaka 17 alikuwa anafanya kazi kiwanda cha vyuma, sasa siku yake ya mwisho kazini kabla hajaacha, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na ye ni mtu wa shoto, maana yake mkono wa kulia ndo wa kubonyezea nyuzi. Mwingine angeuza gitaa. Ye akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji akajitengenezea vikofia vya vidole, juu akabandika ngozi, akafunga nyuzi nyembamba zisimuumize, na kufikia Master of Reality ya 1971 akawa anazilegeza nyuzi kabisa mpaka gitaa likashuka chini kule. Ule uzito watu wanaouiga hadi leo una kidonda ndani yake.

Habari hii nilimsimulia mzee jirani yetu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mkonge, kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge yatoke nyuzi, na mkono wake wa kushoto vidole havijatimia. Aliyekulia Tanga anawajua wazee wa namna hii. Mzee alinyamaza kidogo akauliza, "Na akaendelea kupiga?" Nikamwambia kaendelea zaidi ya miaka 50, hata tarehe 5 Julai 2025 walipiga wote wanne onyesho la mwisho kwao Birmingham, uwanja wa Villa Park, Ozzy mwimbaji wao amekaa kwenye kiti kama sultani maana maradhi yamemkalia, na tarehe 22 mwezi huohuo akafariki. Mzee akasema hebu niwekee niwasikie. Nikamwekea. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuniambia kapenda wala hajapenda, alichosema ni, "Hiyo sauti naifahamu mie, nimekaa nayo kazini miaka yote."

Na wanaodhani gitaa la umeme ni kitu cha Wazungu peke yao basi Tanga hawaijui. Mji huu ulikuwa na Atomic Jazz, ulikuwa na Jamhuri Jazz, na taarab yetu ya Black Star na Lucky Star gitaa lilikuwemo humohumo. Kuna mzee mwingine, huyu alipiga besi kwenye dansi enzi hizo, siku hizi anakuja barazani kwetu jioni kunywa kahawa na kashata, na wallahi huyu ndo kanifundisha kusikiliza. Mie nilikuwa nasikiliza kelele na makeke ya mwimbaji, yeye anasikiliza besi tu. Akimsikia Geezer Butler wa Sabbath anatikisa kichwa anasema besi ndo mwenye nyumba, huyo wa gitaa kapita kusalimia. Sasa siku moja nikampigia ...And Justice for All ya Metallica, ya 1988, dakika 65 hizo, nikimtegea kwamba ataikubali maana ngoma zimepangwa kwa hesabu kali. Wimbo wa kwanza haujafika katikati akashusha kikombe. "Hawa hawana mpiga besi?" Nikamwambia wanaye mzee, ni kijana mgeni, Jason Newsted, aliyekuwepo mwanzo, Cliff Burton, alifariki Septemba 1986 basi lao lilipopinduka huko Sweden, na huyu mpya kapiga lakini kwenye kuchanganya sauti wamemshusha mpaka hasikiki. Mzee alikasirika jamani, alikasirika kama kadhulumiwa yeye. "Mtoto wa watu kaacha kwao kaja kufanya kazi, mnamfungia ndani?" Ilibidi nitoe niweke Master of Puppets ya 1986, ambayo Burton bado yumo, ndo tukamaliza kahawa kwa amani.

Kingine cha mzee huyu, hakubali niruke wimbo. Ukinyoosha kidole kwenye simu anakushika mkono. "Wamezipanga wenyewe, wewe nani uzipangue?" Na ukifikiria ana haki, maana zile albamu zilitengenezwa kwa ajili ya santuri, na santuri upande mmoja unabeba kama dakika 20 na kitu, kwa hiyo watu walikuwa wanafikiria tufungue na upi, upande wa kwanza tuumalize na upi ili mtu apate hamu ya kunyanyuka kugeuza, upande wa pili tuanze na upi. Ndo maana nyingi za enzi zile zinacheza kwenye dakika 35 hadi 45. Paranoid ya Sabbath ni 42, British Steel ya Judas Priest ya 1980 ni kama 36, Rising ya Rainbow ya 1976 haifiki hata 34 na nyimbo ni sita tu. Inaanza, inaisha, unabaki na kimya. Siku hizi muziki hauishi, simu inaunganisha tu mpaka unalala.

Haya, gemu.

Gemu ilikuja kwa njia yake. Kulikuwa na mwalimu Mwingereza wa kujitolea anakaa Raskazone, akiwa anarudi kwao akagawa vitu, watu wakagombea feni na jiko la gesi, mie nikaondoka na sanduku la karatasi ngumu ambalo mchwa walishaanza kulionja. Juu lina picha ya joka la kijani linachomoza majini, ndani kuna kitabu chembamba cha kurasa 64, Dungeons & Dragons, toleo la 1981 alilohariri Tom Moldvay, pamoja na kijitabu cha kisa kimoja cha Gary Gygax. Huyo Gygax na mwenzake Dave Arneson ndo walioianzisha gemu hii mwaka 1974, Marekani, mji mdogo wa Lake Geneva jimbo la Wisconsin, nakala 1,000 za kwanza walikuwa wanazipanga kwenye masanduku kwa mikono. Gygax alishafanya kazi za bima, zikaisha, akawa anashona viatu nyumbani ili watoto wale. Kundi letu lina fundi baiskeli, na hiyo habari ya fundi viatu aliyetunga gemu dunia nzima ikacheza anaipenda kuliko gemu yenyewe.

Dadu kwenye sanduku hazikuwemo, na gemu inataka dadu za pande 4, 8, 12, 20, ludo yetu ina ya pande 6 tu. Baadaye nikasoma kwamba hata wenyewe TSR, kampuni iliyokuwa inachapisha gemu hii, kwenye mwaka 1979 dadu ziliwaishia, wakawa wanaweka kwenye sanduku vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, unakata unaweka kwenye kikombe unachomoa. Basi siye tulitumia vizibo vya soda. Kopo tupu la Blue Band, ndani vizibo 20 vimeandikwa namba kwa makapeni, unatikisa, unafumba macho, unachomoa. Kelele yake ile chwaka chwaka ilikuwa inaamsha jirani. Sasa Fundi akawa anachomoa 20 kila kukicha, anaua majoka peke yake, mpaka Mwalimu (tunaye mwalimu wa hesabu) akakaa na daftari akaandika matokeo yake yote akasema hapana, hii haiwezekani. Kuja kuangalia, kizibo cha 20 kilipindwa wakati wa kufungua soda, kina kona, na vidole vya fundi vinajua kona iko wapi. Tukavigonga vyote na nyundo yake mwenyewe. Alisikitika lakini alicheka.

Sheria za kitabu kile ni chache na ni kali. Mhusika unamtengeneza kwa dakika chache tu, dadu tatu mara sita, umepata nguvu zake, akili zake, wepesi wake na mengineyo. Mchawi anayeanza uhai wake ni dadu ya pande 4, anaweza kuwa na uhai wa 1, na ana dawa moja tu kwa siku, akishaitumia amebaki na kisu. Nesi wetu (dada mmoja muuguzi, huyu ndo mchezaji bora tuliye naye) mchawi wake wa kwanza alikufa kwenye mlango wa kwanza. Hakununa. Alichukua karatasi nyingine, akatikisa kopo, kabla chai haijapoa ameshaingia na mwingine, dada wa marehemu, kaja kudai mirathi. Nimejaribu gemu mpya, nzuri, sikatai, lakini mhusika mmoja unamtengeneza saa nzima, umeshamwandikia historia ya ukoo, sasa msimulizi gani mwenye roho ya kumuua? Kwa hiyo hafi. Na asipokufa watu wanaanza kuingia mapangoni kifua mbele.

Halafu kile kisa cha Gygax, kina ngome mpakani na bonde lenye mapango yamejaa makabila ya mazimwi, lakini watu wa ngome hawana majina. Kaandika tu mwenye duka, mlinzi, kasisi, mweka fedha, basi, kamalizia hapo. Mwanzoni inakera. Baadaye unaelewa kakuachia wewe. Ngome ikawa Boma, mwenye duka la silaha akawa Mpemba asiyekopesha hata umlilie, mlinzi wa geti akawa mtu anayekuuliza "umetuletea nini" kabla hajakuuliza unatoka wapi. Kisa kimeandikwa Wisconsin, lakini ukicheza na siye unasikia harufu ya mihogo ya kuchoma.

Mwenge sasa. Kwenye kitabu mwenge unawaka zamu sita, kila zamu dakika kumi, yaani saa nzima ya ndani ya gemu, halafu giza, na giza kwenye pango la mazimwi ni kifo. Mwalimu alikuwa anahesabu zamu kwenye daftari na hakuna aliyemjali, watu walikuwa wanachunguza kila jiwe, wanabishana mlango huu au ule mpaka mie nasinzia. Nikasema basi, kuanzia leo mwenge ni albamu. Mkiwasha mwenge naweka albamu, albamu ikiisha mwenge umezima, haijalishi mko wapi mnafanya nini.

Bwana wee. Watu wote wakawa wasikilizaji wa metali ghafla. Nesi ambaye alikuwa ananiambia punguza hizo kelele akawa anajua albamu kuliko mie. Powerslave ya Iron Maiden, 1984, ile yenye mafarao juu, ni dakika 51, na wimbo wa mwisho peke yake unapita dakika 13, Steve Harris kautunga kutoka kwenye shairi la Coleridge la 1798 la baharia aliyeua ndege akajiletea nuksi. Katikati muziki unatulia, unasikia mbao za meli zinalia tu na mtu anasema maneno kwa chini. Kikifika kipande hicho Nesi anainua kidole: "Tuna muda wa mlango mmoja. Mmoja tu, halafu tunatoka." Na kweli wanatoka, wanakimbia na gitaa, wanafika nje na noti ya mwisho. Mjomba angekuwepo angefurahi kwamba wimbo wa baharia ndo unawaokoa.

Ikabidi niweke bei. Mwenge wa Reign in Blood ni rahisi, sarafu moja, unawaka vibaya unazima upesi. Holy Diver ya Dio dakika 41 bei ya kati. Justice ya dakika 65 niliiwekea bei ya mafuta ya taa ya mwaka mzima, na hata wakiwa nazo hela hawaiwashi kama mzee wa besi yupo barazani, wanamheshimu. Umeme ukikatika albamu ikikatika, basi upepo umepuliza mwenge, tunaendelea gizani kwa tochi ya simu na mie nafurahi sana.

Niseme na la majirani. Mnaweza kufikiria, usiku, watu wazima wamezunguka meza, wanataja majini na mazimwi, na ukutani nimebandika kasha la Holy Diver la 1983, lile la dubwana lenye pembe linamtupa padri baharini na minyororo. Maneno yakaanza, wale wanaita majini pale. Na hili siyo la Tanga tu, Marekani kwenyewe miaka ya 80 wazazi waliiogopa gemu hii mpaka toleo la pili la 1989 kampuni ikawatoa mashetani wote, wakaja kurudi baadaye kwa majina mengine, na mwaka 1990 Judas Priest walishtakiwa Reno, Nevada, kwa madai kwamba wameficha ujumbe kwenye wimbo, hakimu akaitupa kesi. Kwetu hakimu alikuwa bibi. Bibi mzaa mama, kaletwa na shangazi makusudi aje atukemee.

Tukaamkia wote, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, akavuta kiti akasema endeleeni nione. Tukaendelea. Fundi alikuwa anapigana na zimwi kubwa kwenye daraja, anachomoa vizibo, watu wanapiga kelele. Bibi kavumilia mpaka mwisho, akaniuliza, "Hilo dude mnalipiga mapanga tangu nimefika. Kuna aliyeliuliza linataka nini?" Kimya. "Pepo hapigwi panga mjukuu wangu. Pepo anaulizwa, anasema shida yake, anapewa, anaondoka." Akaomba maji, akanywa, akaenda kulala. Shangazi alibaki hana la kusema.

Na uzuri ni kwamba kitabu cha 1981 kinakubaliana na bibi kabisa. Kuna jedwali mule, mkikutana na kiumbe unarusha dadu mbili: ukipata 2 anavamia palepale, ukipata 12 anawapenda kama ndugu zake, katikati huko anaweza kuwa mkali, kuwa na mashaka, au kukubali maneno, anasubiri aone mtamwambia nini. Yaani viumbe wengi hawaji kupigana, wanakuja kusikiliza. Halafu pointi: kumuua zimwi dogo ni pointi 5 tu, lakini kila sarafu ya dhahabu mnayotoka nayo salama ni pointi 1. Askari anahitaji pointi 2,000 kupanda ngazi. Mwalimu alipiga hesabu akasema ukitaka kupanda kwa kuua mazimwi madogo uue 400, na wewe una uhai wa 6. Kwa hiyo mwenye akili haui, anaongea, anadanganya, anahonga, anaiba, anakimbia. Tangu bibi alivyosema lile neno kundi langu limekuwa jingine. Fundi, ambaye kazini kutwa anabishana bei na wateja, siku hizi ndo msemaji wao. Aliwahi kuwapitisha wote kwenye pango la mazimwi kwa magunia mawili ya chumvi na samaki wa ng'onda, damu haikumwagika hata tone, mazimwi yakawaonyesha na njia ya mkato.

Bibi naye nilimsimulia habari ya Dio, yule mwimbaji wa Holy Diver. Ile alama ya vidole viwili, cha shahada na cha mwisho, ambayo watu wa metali wote wanainyoosha na majirani wanasema ni ya shetani, Ronnie James Dio aliyeisambaza alikuwa anasema kaiona kwa bibi yake Mtaliano, ni kinga ya jicho baya. Bibi akaniangalia. "Ya kijicho?" Ndiyo bibi, ya husuda. "Basi bibi yake alikuwa na akili zake, mie nilidhani wahuni." Toka hapo shangazi hajaleta tena mashtaka.

Siku hizi kisa cha Gygax tumeshakimaliza, tumehamia nyumbani. Nimechora mapango ya Amboni. Nani kasoma Tanga hajapelekwa Amboni na shule? Kilomita kama 8 kaskazini mwa mji, mawe ya chokaa, popo, sehemu za mizimu watu wanakoacha ubani na marashi, na zile hadithi kwamba kuna mbwa aliingia kule akatokea Mombasa. Msimulizi wa Wisconsin angelipa hela kupata ramani kama hiyo na siye tumeipata kwa nauli ya daladala. Nimeweka vyumba, nimeweka Osale Otango, yule mtu wa miaka ya 1950 aliyekuwa anajificha mapangoni humo kuwakimbia wakoloni, wachezaji wakimkuta natikisa kopo kwanza nione kama anawaamini.

Na juu ya mapango nimeweka vita vya Novemba 1914. Waingereza na Wahindi kama 8,000 wanashuka Raskazone, upande wa pili Wajerumani na askari wao kama 1,000 tu, na katikati yao mizinga ya nyuki. Kweli ilitokea hivyo, nyuki walivurugwa na risasi wakawashambulia watu, na Waingereza walipokimbilia melini waliacha bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Nilidhani kundi langu litachagua upande. Hawakuchagua. Nesi akauliza nyuki wako miti gani, Fundi akauliza nani anaturuhusu kupita usiku, wakanunua mwenge wa Powerslave na wakatumia dakika zote 51 kuhamisha mizinga ya nyuki kwa kamba kuisogeza njiani, wakafika mapangoni wimbo wa baharia unaisha. Asubuhi nikarusha dadu za moyo wa jeshi, jeshi likakimbia.

Sasa tumekwama hapo. Fundi anasema risasi 600,000 zilizoachwa ni hazina, hazina ni pointi, kwa hiyo wote wapande ngazi leo. Mwalimu kashatoa daftari anatafuta risasi moja ni sarafu ngapi. Mie nimewaambia kitabu kinahesabu dhahabu, risasi hazimo, kwanza wampate mnunuzi, na mnunuzi pekee mwenye hela za namna hiyo kwenye gemu yangu ni yule Mpemba wa Boma.